KOO LIKIUMA: DAWA ZA JIKONI NA MPAKA WAKE

Katika maradhi yanayobisha hodi nyumbani mwetu kila mwaka, hapana ugonjwa ulio mdogo kwa sura na wenye hila nyingi kwa tabia kama ugonjwa wa koo. Mvua za masika zinapoanza, au baridi ya mwezi wa Julai inaposhuka juu ya nchi za milima kama Limuru na Molo, mtu huamka asubuhi akimeza mate kana kwamba anameza miiba. Karani huingia ofisini akiwa amejifunga kitambaa shingoni. Mkulima hushindwa kumwita mtoto wake aliye ng'ambo ya shamba. Mwalimu husimama mbele ya darasa akiandika tu ubaoni, kwa kuwa sauti yake imekauka kabisa.

Hapo ndipo kila jirani anapogeuka kuwa tabibu. Mmoja husema, "Tumia asali." Wa pili husema, "Asali haifai, tafuta chumvi." Wa tatu hutoa gome la mti mfukoni. Wa nne humwambia mama kwamba mtoto hatapona mpaka akatwe kimeo. Katika mashauri haya, mengine ni ya kweli na yana manufaa makubwa, mengine hayana faida wala hasara, na mengine yaweza kumwua mtu. Basi yafaa tuyachambue kama mama achambuavyo mchele kabla ya kuutia chunguni, tupate kujua lipi ni la kuhifadhiwa na lipi ni la kutupwa.

KWA NINI KOO HUUMA?

Mara nyingi koo huuma kwa sababu ya virusi, vile vile viletavyo mafua. Virusi hivyo huingia katika ngozi laini ya ndani ya koo, ngozi hiyo huvimba na kuwa nyekundu, na kumeza huwa taabu. Ugonjwa wa namna hii hupigwa vita na mwili wenyewe, na kwa kawaida mgonjwa hupona katika muda wa juma moja hivi. Dawa zinazoua bakteria, kama penisilini, hazina nguvu juu ya virusi, hata mgonjwa akimeza debe zima.

Zipo pia sababu nyingine. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha hukwaruza koo la mama na la mtoto aliyebebwa mgongoni. Sigara hufanya hivyo hivyo. Vumbi la kiangazi, kupiga kelele uwanjani, na kulala huku mtu akipumua kwa kinywa kwa kuwa pua imeziba, yote hayo hukausha koo na kuliwasha. Ikiwa moshi ndio unaowasha, asali peke yake haitoshi. Hapana budi dirisha lifunguliwe na jiko lirekebishwe.

Jambo la kukumbuka ni hili: dawa za nyumbani haziui virusi. Kazi yake ni kupunguza maumivu wakati mwili unafanya kazi yake. Ni kama kivuli kwa mtu alimaye. Kivuli hakilimi, lakini humpa mlimaji nguvu za kumaliza shamba lake.

CHUMVI NA MAJI YA VUGUVUGU

Dawa iliyo rahisi kuliko zote imo katika kila nyumba. Chukua kikombe kimoja cha maji safi ya vuguvugu, kadiri ya robo lita, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge mpaka iyeyuke. Piga funda moja, inua uso juu, na uyachezeshe maji hayo kooni huku ukitoa pumzi taratibu, hata yatoe sauti kama maji yanayotokota. Kisha yateme. Fanya hivyo mpaka kikombe kiishe, na urudie mara tatu au nne kwa siku.

Sababu ya kufaa kwake si uchawi. Maji ya chumvi huvuta maji yaliyojaa katika nyama iliyovimba, na uvimbe hupungua kidogo. Pia huosha makohozi mazito yaliyogandamana kooni. Lakini tusizidishe kipimo kwa kudhani kwamba chumvi nyingi ni dawa kali zaidi, kwani chumvi nyingi hulikausha koo na kulichoma. Wala maji hayo yasimezwe, hasa na mtu mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu. Mtoto mdogo asiyejua bado kusukutua asilazimishwe, maana atayameza au yatampalia.

ASALI, TANGAWIZI NA NDIMU

Nchi yetu imebarikiwa asali. Wafugaji wa nyuki wa Kitui na Baringo wameivuna tangu zamani, na wazee hawakukosea walipoihesabu kuwa dawa. Asali hufunika ngozi ya koo iliyochubuka, kama mafuta yanavyofunika mkono uliopasuka kwa baridi, na hutuliza kikohozi kikavu kinachomnyima mtoto usingizi. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala chatosha mtoto aliyepita mwaka mmoja. Mwenye ugonjwa wa kisukari akumbuke kwamba asali ni sukari, na aipime.

Lakini kuna sharti moja ambalo kila mzazi na kila nyanya anapaswa kulishika: mtoto asiyetimiza miezi 12 asipewe asali kamwe, hata ya kulambishwa kwa ncha ya kidole. Ndani ya asali yaweza kuwamo mbegu za bakteria fulani. Tumbo la mtu mzima huzishinda bila shida, lakini katika tumbo changa la mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza viungo vyote, hata mtoto ashindwe kunyonya na kupumua. Kuichemsha asali si salama, kwani mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa jikoni. Dawa ya mtoto mchanga ni maziwa ya mama yake, na akiwa na homa apelekwe zahanati bila kukawia.

Tangawizi nayo ina heshima yake. Osha kipande kikubwa kama kidole gumba, kikatekate au ukitwange, kisha ukichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa muda wa dakika kumi. Ipua, chuja, na uache kipoe hata kikombe kiweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Ndipo utie kijiko cha asali na matone ya ndimu. Ikiwa koo limechubuka sana, punguza ndimu au uiache kabisa, kwa sababu ukali wake utauma. Watu wa pwani huongeza karafuu mbili tatu, na hilo lina maana: mafuta yaliyomo ndani ya karafuu hutia ganzi. Ndiyo maana waumwao na meno huitafuna. Lakini mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa na kutiwa katika chupa ni makali mno, wala mtoto asinyweshwe.

Nimesema kinywaji kipoe, na sababu yake si kulinda ulimi tu. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzi 65 za joto, huenda vikaleta saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Ugonjwa huo unajulikana sana katika nchi za magharibi ya Bonde la Ufa, hasa upande wa Bomet. Basi yule anayejisifu kwamba chai yake huinywa ikiwa bado inachemka, asijisifu tena. Koo linaloumwa hutulizwa na uvuguvugu, wala si na moto.

MITI YA KWETU

Wakikuyu huuita muthiga, na Wamaasai huuita osokonoi. Ni mti wa msituni wenye gome chungu na kali kama pilipili, na watu wengi wa nchi za juu hutafuna kipande chake koo linapowasha au kifua kinapobana. Ukali wake huleta mate mengi, na mate hulainisha koo lililokauka. Mtu mzima akitafuna kipande kidogo na kumeza mate yake, hapana lawama. Ila tuonyane juu ya mti wenyewe. Wauzaji wa magome wameuchuna kupita kiasi, na mti uliochunwa gome kuuzunguka mwili wote hufa umesimama. Afadhali mwenye shamba apande wake mmoja karibu na boma, na achukue gome upande mmoja tu, au atumie majani.

Kujifukiza pia ni desturi ya zamani. Mvuke wa maji ya moto huifungua pua iliyoziba, na pua ikifunguka, mtu hulala amefumba kinywa, na koo halikauki. Majani machache ya mkaratusi yakitiwa ndani hutoa harufu ya kuburudisha. Hatari iliyopo ni sufuria yenyewe. Watoto wameungua vibaya walipofunikwa blanketi pamoja na sufuria ya maji yaliyotoka motoni. Kwa hiyo mtoto asijifukize hivyo. Mtu mzima naye aweke chombo mezani mahali imara, na asisogeze uso karibu mno. Mafuta ya mkaratusi yasinywewe na mtu yeyote, kwani ni sumu yakiingia tumboni.

MASHAURI YA KUKATALIWA

Sasa tufikie makapi ya kupepeta.

Kwanza ni mafuta ya taa. Wako watu ambao hata leo humpa mgonjwa kijiko cha mafuta ya taa, au huyapaka kooni kwa unyoya wa kuku, wakidai kwamba yanakausha ugonjwa. Mafuta ya taa ni mepesi sana, na tone dogo likiteleza kuingia katika mapafu huyaunguza na kuleta ugonjwa wa kifua unaoweza kuua, hasa mtoto.

Pili ni kukata kimeo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho wengine hukiita kidakatonge. Koo linapovimba, kimeo nacho huvimba na kuonekana kirefu, na mkataji husema kwamba ndicho kinacholeta kikohozi. Kwa kweli kimeo ni shahidi tu wa ugonjwa, na hakuna mtu mwenye haki anayemfunga shahidi akamwacha mwizi. Watoto waliokatwa kwa wembe au kisu kisichochemshwa wametokwa na damu nyingi, wameingiwa na pepopunda, na wengine wamekufa. Aliyepona baada ya kukatwa angepona hata kama asingekatwa, maana ugonjwa wa virusi huisha wenyewe.

Tatu ni aspirini kwa watoto. Yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo kwa mtoto mwenye homa ya virusi. Paracetamol ndiyo itumikayo kwa watoto, kwa kipimo kilichoandikwa kulingana na umri na uzito. Mtu mzima asipitishe vidonge vinane vya miligramu 500 katika saa 24, wala asichanganye na dawa nyingine ya mafua bila kusoma karatasi yake, kwani nyingi zina paracetamol ndani.

Nne ni vidonge vilivyobaki. Mara nyingi nyumbani huwa kuna pakiti ya dawa kali iliyotumiwa nusu na mgonjwa wa mwaka jana, nayo hugawanywa kama peremende. Dawa ya namna hiyo haimponyi mwenye virusi, na kwa mwenye bakteria haitoshi. Kazi yake ni kuwafunza bakteria waliosalia njia ya kuishinda siku nyingine.

UGONJWA UNAOJIFICHA NYUMA YA KOO

Hebu tuchukue mfano. Mkulima mmoja ana mtoto wa kiume wa miaka kumi, hodari wa kukimbia na wa kwanza kufika shuleni. Jumatatu mtoto anarudi na homa ya ghafula na kichwa kinachomwanga. Hana mafua wala hakohoi. Mama anamsukutua kwa chumvi na kumpa asali, nayo ni mema. Siku ya tano homa imeshuka na mtoto anakula. Baba anashukuru kwamba ameokoa nauli ya kwenda mjini, na jambo hilo linasahauliwa.

Baada ya majuma mawili au matatu, goti la mtoto linavimba na kuuma. Siku chache baadaye goti limetulia, lakini sasa kifundo cha mguu kinauma, kisha kiwiko. Watu wanasema, "Ni mchezo wa mpira." Miaka inapita, na yule mkimbiaji sasa anapumzika mara mbili akipanda kilima kidogo. Akipimwa hospitalini, inaonekana kwamba milango ya moyo wake, ile inayofunguka na kufungika damu inapopita, imekunjamana na haifungi sawasawa.

Hii ndiyo homa ya baridi yabisi, na chanzo chake ni lile koo la Jumatatu. Katika watoto kumi wanaoumwa na koo, huenda wawili au watatu si wa virusi. Wameshikwa na bakteria aitwaye streptokoka. Mwili unapompiga bakteria huyo, kwa baadhi ya watoto hukosea shabaha ukaushambulia moyo na viungo vyao wenyewe. Walio katika hatari kubwa ni wale wa umri wa miaka 5 hata 15, hasa penye nyumba zenye msongamano, ambapo wengi hulala chumba kimoja. Koo hupona, na hiyo ndiyo hila yake, kwa maana maumivu yakiisha, mzazi hudhani ugonjwa umekwisha.

Tena jambo la kusikitisha ni kwamba kinga yake yajulikana na si ngeni. Mwaka 1950 madaktari wa Marekani, waliokuwa wakiwatibu askari katika kambi ya Fort Warren huko Wyoming, walionyesha kwamba penisilini ikitumiwa kwa koo lenye streptokoka huzuia homa ya baridi yabisi. Yaweza kuwa sindano moja ya penisilini idumuyo mwilini, au vidonge vya siku 10 ambavyo ni lazima vimalizwe hata kama mtoto amepona siku ya tatu. Tena matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado yaweza kuulinda moyo. Hata hivyo ugonjwa huu uliendelea kuwaharibia maisha watoto wa nchi nyingi, hata mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha azimio la kuzihimiza serikali zote kupambana nao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo hujengwa na madaktari wa upasuaji kwa gharama ambayo shamba zima la chai huenda lisiitoshe.

NI WAKATI GANI WA KUACHA ASALI NA KUSHIKA NJIA?

Mzazi amweke mtoto mahali penye mwanga, amwambie afungue kinywa, na atazame. Ikiwa koo limekuja pamoja na mafua, kikohozi na sauti iliyokauka, yaelekea ni virusi, na dawa za jikoni zatosha. Ikiwa homa imekuja ghafula, hakuna mafua wala kikohozi, tezi za pande mbili za koo zimevimba na zina madoa meupe ya usaha, na mitoki ya shingo inauma ikiguswa, mtoto apelekwe zahanati siku hiyo au siku ya pili yake. Macho ya mzazi hayawezi kutoa hukumu ya mwisho. Kazi yake ni kujua wakati wa kumpeleka mtoto kwa mwenye kupima.

Ziko dalili nyingine ambazo hazingoji hata kupambazuka. Mgonjwa anayeshindwa kumeza mate yake hata udenda unamtoka, anayepumua kwa shida au kwa sauti ya kukoroma, anayeshindwa kufungua kinywa, au ambaye shingo yake imevimba na kukakamaa, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku wa manane. Ukiona utando wa kijivu umeshikamana kooni, shuku dondakoo. Ugonjwa huo uliua watoto wengi zamani, na kinga yake ni ile chanjo atolewayo mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14, pamoja na ya pepopunda na ya kifaduro. Mzazi aitazame kadi ya kliniki ya mtoto wake leo, kabla hajaumwa.

Watu wazima nao wasijisahau. Koo linaloendelea kuuma zaidi ya juma moja bila nafuu, sauti iliyokauka kwa zaidi ya majuma matatu, au chakula kinachokwama kila siku kikimezwa, ni mambo ya kumwonyesha daktari.

Kwa kumaliza, nyumba yenye mgonjwa wa koo itenge kikombe chake na kijiko chake. Wote wanawe mikono kwa sabuni, mgonjwa akohoe katika kiwiko au kitambaa, na madirisha ya chumba yafunguliwe mchana. Apewe maji mengi, uji mwepesi na mchuzi wa vuguvugu, na apumzike. Chupa ya asali ikae rafuni, chumvi ikae mahali pake, na tangawizi iendelee kuota nyuma ya nyumba, kwa kuwa hivyo vyote ni rafiki wa kweli. Lakini mtoto akipona koo na baada ya majuma machache akalalamika kwamba goti linamwuma, baba asimwambie aache uvivu. Amchukue mkono na ampeleke kwa daktari, akamweleze pia habari ya lile koo.